Kusoma Kanada, kufanya kazi ya fedha New York au London: jinsi ya kuchagua chuo kikuu

Kijana anayetafuta chuo kikuu cha Kanada kwa nia ya kuja kufanya kazi ya fedha New York au London hukutana mapema na ushauri unaorudiwa kila mahali: nenda Queen's kule Kingston, au Ivey, shule ya biashara iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Western, au McGill, na ukikosa huko jaribu Toronto. Ushauri huo si wa uongo. Kasoro yake ni kwamba sehemu kubwa umetolewa na Wakanada kwa ajili ya Wakanada wenzao, watu ambao tayari wana pasipoti inayowawezesha kuvuka mpaka wa Marekani wakiwa na barua ya mwajiri na ada ndogo inayolipwa palepale. Kijana wa Arusha, Kisumu au Bujumbura akiubeba ushauri huo kama ulivyo, anaweza kuingia chuo kizuri, akafaulu, akaitwa kwenye usaili, halafu akagundua akiwa mwaka wa tatu kwamba njia waliyopita wenzake yeye haruhusiwi kuipita. Kuna mambo mawili hapa ambayo kwa kawaida huchanganywa, na ni lazima yatenganishwe tangu mwanzo: chuo kinachokufikisha mbele ya mwajiri, na hati inayokuruhusu kumfanyia kazi.

Kabla ya hayo, kazi zenyewe, kwa sababu neno "fedha" linafunika shughuli zisizofanana. Benki za uwekezaji hushauri kampuni zinazonunuana au zinazotafuta mtaji kwa kuuza hisa na hatifungani, na kijana anayeanza huko hushinda, na mara nyingi hukesha, akijenga majedwali ya kukadiria thamani ya kampuni. Mifuko ya uwekezaji, ikiwamo mifuko mikubwa ya pensheni, hutunza fedha za watu kwa miongo mingi na huajiri wachache, kwa uangalifu. Zipo pia kampuni zinazonunua na kuuza dhamana kwa nguvu ya hisabati na kompyuta. Hizo hazijali kama umesoma biashara, zinamtaka mtu aliyebobea katika nadharia ya uwezekano na anayeandika programu inayofanya kazi. Idara za kudhibiti hatari za benki ni ulimwengu mwingine tena. Anayesema anataka "fedha" bila kutaja ni ipi kati ya hizi hawezi kuchagua chuo, maana chuo bora kwa kazi moja ni cha kawaida tu kwa nyingine.

Kwa benki za uwekezaji, sifa ya Queen's na Ivey imejengwa juu ya jambo ambalo orodha za ubora wa vyuo duniani hazilipimi. Orodha hizo hutazama zaidi utafiti na machapisho, na humo Queen's na Western huonekana mbali chini ya Toronto. Lakini wahitimu wa Commerce ya Queen's na wa HBA ya Ivey, ambazo ni shahada za kwanza za biashara, wametapakaa Bay Street, mtaa wa mabenki wa Toronto, na baadhi yao walishatangulia New York miaka mingi iliyopita. Hao ndio hurudi kila mwaka kuwatafuta wadogo zao wa chuo. Kingston iko kama kilomita 260 kutoka Toronto, na London ya Ontario kilipo Western (baadhi ya wazazi huichanganya na ile ya Uingereza) iko kama kilomita 190. Wanafunzi hupanda treni au basi asubuhi, wakakaa nusu saa kwenye mgahawa na mfanyakazi wa benki aliyekubali kuwaona, wakaenda kwa wa pili na wa tatu, kisha wakarudi usiku kuwahi kipindi cha kesho yake. Mazungumzo hayo ya kahawa ni sehemu ya usaili, ingawa hakuna anayeyaita hivyo.

Jambo la pili linalovipa vyuo hivi nguvu ni vyama vya wanafunzi. Nitoe mfano mmoja wa kile kinachofundishwa na wenzako wa mwaka wa juu kuliko mhadhiri. Msailiwa huulizwa: gharama ya uchakavu ikiongezeka kwa dola 10, taarifa tatu za fedha za kampuni zinabadilikaje? Tuseme kodi ni asilimia 30. Faida kabla ya kodi inapungua kwa 10, kodi inapungua kwa 3, kwa hiyo faida baada ya kodi inashuka kwa 7. Katika taarifa ya mtiririko wa fedha unaanza na upungufu huo wa 7, unarudisha 10 kwa sababu uchakavu si fedha iliyotoka mfukoni, na fedha taslimu inaongezeka kwa 3. Kwenye mizania, taslimu imepanda kwa 3, mitambo imeshuka thamani kwa 10, jumla ya mali imepungua kwa 7. Upande wa pili, faida limbikizi nayo imepungua kwa 7, na mizania inalingana. Mwanafunzi wa uhasibu wa Dar es Salaam au Nairobi analijua jambo hili vizuri. Kinachomkosesha ni kutojua kwamba ataulizwa, kwa mdomo, akipewa dakika moja, tena akiwa bado mwaka wa pili wa chuo.

Na hapo kwenye mwaka wa pili pana mtego wa ratiba ambao haumo kwenye vipeperushi. Benki kubwa za Marekani huajiri wafanyakazi wao wapya hasa kutoka miongoni mwa waliofanya nao mafunzo ya kazi katika likizo ndefu iliyo kabla ya mwaka wa mwisho, na nafasi za likizo hiyo hugawiwa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Ivey, kwa muundo wake, humpokea mwanafunzi mwaka wa tatu baada ya kusoma kozi nyingine kwa miaka 2 ya mwanzo, hata kama aliahidiwa nafasi tangu kidato cha sita. Maana yake ni kwamba ajira za New York zinaanza kuamuliwa kabla hajakaa darasani Ivey hata siku moja. Wanaofanikiwa ni wale waliojiunga na vyama vya fedha tangu wiki zao za kwanza Western. Queen's humwingiza mwanafunzi kwenye Commerce moja kwa moja mwaka wa kwanza, na kwa mtoto anayetoka mbali, asiye na kaka wala dada aliyemtangulia kumfunulia mambo, naona hiyo ni nafuu kubwa.

McGill ina namna yake. Iko Montreal, inafundisha kwa Kiingereza katika mji wa Kifaransa, inapokea wanafunzi wengi kutoka nje ya Kanada, na kitivo chake cha Desautels kina kozi ya heshima ya usimamizi wa uwekezaji ambamo wanafunzi huendesha fedha halisi badala ya fedha za kuigiza. UBC (Chuo Kikuu cha British Columbia) kule Vancouver ilianza jambo kama hilo mwaka 1986, na mwanafunzi anayechaguliwa kuingia kwenye mpango huo hupata walezi walioko tayari kwenye masoko ya miji mikubwa. Concordia, jirani wa McGill, nayo ina mpango wa uwekezaji wa fedha halisi, na kwa kawaida ada yake ni ya chini. Ningependa familia zaidi zikitazame chuo hicho. Kwa anayeelekea kwenye mifuko ya uwekezaji kuliko benki, mipango hii midogo ina uzito kuliko jina la chuo kizima, ila uliza mapema ni wangapi huchaguliwa kila mwaka, kwa sababu ni wachache mno.

Waterloo ni habari nyingine kabisa. Kitivo chake cha Hisabati ni kikubwa na kinaheshimika, kina kozi inayounganisha kompyuta na fedha, na chuo kimejengwa juu ya mfumo wa kupokezana masomo na kazi: miezi 4 darasani, miezi 4 kazini kwa mshahara, hadi mwanafunzi anapohitimu akiwa ameshamaliza vipindi vitano au sita vya kazi. Kampuni za biashara ya dhamana kwa hisabati huwafuata wanafunzi wa Waterloo wenyewe. Kijana aliyekuwa akifanya vyema kwenye mashindano ya hisabati, ambaye nyumbani wanamsukuma asome biashara kwa sababu anataka fedha, anasukumwa upande usio wake.

Sasa tuje kwenye hati. Mkanada aliyepata kazi New York mara nyingi huingia kwa hadhi iitwayo TN, iliyotokana na mkataba wa biashara wa Marekani, Kanada na Meksiko. Haina bahati nasibu wala ukomo wa idadi. Lakini ni ya raia tu. Mwanafunzi wa kigeni hana, na hata mwenye ukaazi wa kudumu wa Kanada hana. Tena taaluma zinazokubaliwa zimeorodheshwa: yumo mhasibu, yumo mchumi, yumo mshauri wa menejimenti, lakini mchambuzi wa fedha hayumo, na Novemba 2017 mamlaka ya uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba mchambuzi wa fedha hawezi kujipitisha kama mchumi. Hata Mkanada, basi, hupita hapo akisaidiwa na wanasheria wa mwajiri.

Tupige hesabu ya miaka kwa binti wa Kitanzania anayeanza chuo akiwa na miaka 19. Anahitimu na miaka 23. Anapata kibali cha kazi cha baada ya masomo, ambacho hufika miaka 3. Njia ya uzoefu wa kazi wa Kanada inataka angalau miezi 12 ya kazi ya ujuzi kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu, kisha maombi yenyewe huchukua miezi. Tuseme anaupata na miaka 25. Kwa uraia anatakiwa awe amekaa Kanada siku 1,095 ndani ya miaka 5 iliyotangulia ombi, na siku alizokaa kabla ya ukaazi wa kudumu huhesabiwa nusu nusu, zisizidi 365 kwa jumla. Kwa hiyo ataomba akiwa na miaka 27 hivi, na kuapishwa karibu na 28. Ile TN ya wenzake aliosoma nao, walioitumia wakiwa na miaka 22, yeye inamfikia wakati wao wameshapanda ngazi mbili. Na akiapa uraia huo atapoteza wa Tanzania, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, wakati Mkenya, tangu Katiba ya 2010, anabaki na wake. Sidhani familia inapaswa kukutana na uamuzi mzito namna hii kwa kushtukizwa.

Bila TN inabaki H-1B, viza ya kazi inayogawiwa kwa bahati nasibu, ambayo nafasi zake ni 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, pamoja na 20,000 za wenye shahada ya uzamili ya chuo cha Marekani. Shahada ya Kanada haikuingizi kwenye fungu hilo la pili. Septemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo linalowatoza waajiri dola 100,000 kwa ombi jipya la mfanyakazi aliye nje ya Marekani, na ni rahisi kukisia benki inafikiria nini mbele ya vijana wawili wenye uwezo sawa. Aliyesoma Marekani kwenyewe anaruhusiwa kufanya kazi miezi 12 baada ya kuhitimu, na hadi miezi 36 kama kozi yake inahesabiwa kuwa ya sayansi au hisabati. Kwa mafunzo ya likizo tu, anayesoma chuo cha Kanada anaweza kutumia viza ya J-1, na zipo benki zinazoikubali. Lakini Warundi tangu Juni 2025, na Watanzania tangu Januari 2026, wamewekewa vizuizi vya Marekani vinavyogusa viza ya F, ile ya wanafunzi, na hiyo ya J pia. Ukiyapima haya yote, nalisema wazi: kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki ambaye lengo lake moja ni New York mara tu baada ya shahada ya kwanza, chuo cha Kanada si njia ya mkato, hata kiwe kizuri namna gani.

London ya Uingereza ni tofauti, na hapa ndipo ule ushauri wa kawaida unapopinduka. Tangu Mei 2022 Uingereza ina viza ya watu wenye uwezo mkubwa, ambayo humpa mhitimu wa vyuo fulani vya nje ruhusa ya kuingia na kufanya kazi miaka 2, au miaka 3 kwa mwenye shahada ya uzamivu, bila kuhitaji mwajiri wa kumdhamini. Kinachotakiwa ni chuo chake kiwe kwenye orodha ya serikali ya mwaka aliotunukiwa shahada, na awe amehitimu ndani ya miaka 5 iliyopita. Orodha hiyo hutungwa kutokana na zile orodha za ubora duniani, zilezile ambazo Bay Street haizijali. Kwa Kanada, Toronto, McGill na UBC ndivyo vilivyokuwa vikionekana humo. Queen's na Western havikuwemo kwenye hamsini za mwanzo. Novemba 2025 wigo ulipanuliwa hadi vyuo 100 na ukawekwa ukomo wa maombi 8,000 kwa mwaka. Hivyo chuo ambacho Mkanada angekuambia ni chaguo la akiba kinaweza kuwa, kwako wewe, ndicho chenye ufunguo. Mhitimu wa Toronto anamwambia mwajiri wa London, "Naweza kuanza Jumatatu," na mwajiri hagharimiki chochote cha uhamiaji kwa miaka hiyo 2. Baadaye atahitaji kudhaminiwa, lakini atakuwa ameshaonyesha kazi yake.

Kuna njia nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha: kuhamishwa ndani ya mwajiri mmoja. Sekta ya fedha ya Kanada imesambaa duniani kuliko watu wanavyodhani. Benki za RBC na BMO zina shughuli kubwa New York na London, benki ya TD ilikamilisha ununuzi wa Cowen, benki ya uwekezaji ya New York, mwaka 2023, na mifuko ya pensheni kama CPP Investments ya Toronto, CDPQ na PSP za Montreal ina ofisi katika miji mikuu ya fedha ya dunia. Marekani ina viza ya L-1 kwa mfanyakazi anayehamishwa na mwajiri wake baada ya kumtumikia nje ya nchi hiyo angalau mwaka 1 mfululizo. Haina bahati nasibu, ingawa mwajiri hulazimika kuthibitisha kuwa mtu huyo ni meneja au ana ujuzi wa pekee. Anayeanza Toronto kwa kibali cha baada ya masomo, akadumu miaka 2 au 3 kwenye benki yenye matawi, anajenga sababu ya kuhamishwa huku siku zake za ukaazi zikiendelea kuhesabika. Njia hii ni ndefu, lakini haimtegemei karani wa bahati nasibu.

Niongeze jambo ambalo vijana wetu hulipuuza kwa sababu liko karibu mno na nyumbani. Toronto na Vancouver ni vituo vikuu vya mtaji wa migodi duniani, na masoko ya hisa ya Kanada yameorodhesha kampuni nyingi za madini kuliko masoko mengine. Barrick, yenye makao Toronto, ndiyo mbia wa Serikali ya Tanzania katika kampuni ya dhahabu ya Twiga, yenye migodi ya North Mara na Bulyanhulu, na pia imo Kibali kaskazini mashariki mwa Kongo. Ivanhoe ya Vancouver inachimba shaba Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi. Benki za Bay Street zina idara nzima zinazofadhili migodi ya namna hii. Kijana anayejua Kiswahili, anayeelewa kwa nini sheria za madini za Tanzania zilibadilishwa mwaka 2017 na jinsi mji wa mgodi unavyoishi, ana kitu ambacho msailiwa wa Ontario hawezi kukisoma kwenye kitabu. Masoko ya fedha za migodi ni Toronto, London na miji ya Australia, kwa hiyo ujuzi huo nao unasafiri. Calgary ina nafasi kama hiyo kwa mafuta na gesi, na aliyefuatilia bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ataona uhusiano bila kuambiwa.

Gharama nazo haziwezi kuachwa. Ada ya mwanafunzi wa kigeni katika kozi za biashara za Toronto imepita dola za Kanada 60,000 kwa mwaka. Kwa miaka 4 ni zaidi ya 240,000 kabla ya kodi ya chumba na koti la baridi. Tangu Septemba 2025 mwombaji wa kibali cha kusomea nje ya Quebec anatakiwa kuonyesha dola 22,895 za kujikimu, mbali na ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Tangu 2024 pia kuna ukomo wa vibali, na wa shahada ya kwanza lazima awe na barua ya uthibitisho ya jimbo. Kazi za nje ya chuo zina ukomo wa saa 24 kwa wiki wakati wa masomo, na mshahara wake hautalipa ada hiyo. Anayemwambia mzazi kwamba mtoto atajilipia mwenyewe anampotosha. Ufadhili kamili upo lakini ni finyu. Ufadhili wa Lester B. Pearson wa Chuo Kikuu cha Toronto hulipa ada, vitabu na malazi kwa miaka 4, na mwombaji lazima apendekezwe na shule yake, kwa hiyo mkuu wa shule ajue mapema. McGill na UBC vimekuwa washirika wa Mastercard Foundation kwa wanafunzi wa Kiafrika kwa vipindi mbalimbali.

Kwa sababu hiyo, kwa familia nyingi ningeshauri shahada ya kwanza isomwe nyumbani, Mlimani, Nairobi, Makerere au Strathmore, kisha uzamili wa fedha, wa hisabati ya fedha au wa udhibiti wa hatari usomwe Kanada. Uzamili huchukua mwaka 1 hadi 2. Tangu Februari 2024 mhitimu wake anaweza kupata kibali cha kazi cha miaka 3 hata kama kozi ilikuwa fupi kuliko miaka 2, na tangu Januari 2026 waombaji wa uzamili katika vyuo vya umma hawahitaji tena ile barua ya jimbo. Viza ya London inaihesabu shahada ya uzamili sawasawa na ya kwanza. Myron Scholes, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 1997, alisoma shahada yake ya kwanza McMaster kule Hamilton, si kwenye jina kubwa, kisha akaenda Chicago. Ngazi ya pili ndiyo iliyompeleka. Ni kweli kwamba uzamili si mlango mzuri wa benki za uwekezaji, ambazo huchukua zaidi wa shahada ya kwanza na wa MBA. Kwa kazi za udhibiti wa hatari, hisabati ya fedha na mifuko ya uwekezaji, unafaa sana.

Anayelenga shahada ya kwanza atazame masomo yake ya sekondari. Kozi hizi hudai kalkulasi. Kwa Tanzania, mwanafunzi wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) au PCM (fizikia, kemia na hisabati) aliyesoma Hisabati ya Juu yuko salama kuliko wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) mwenye BAM, hisabati ya msingi, peke yake, na ni bora huyo wa pili akiandikie chuo mapema kuuliza kuliko kusubiri kukataliwa.

Msomaji wa Lubumbashi, Goma au Bujumbura, anayezungumza Kifaransa pamoja na Kiswahili, ana silaha ambayo Mtanzania na Mkenya wengi hawana. Kanada hutoa mialiko ya pekee ya ukaazi wa kudumu kwa wanaojua Kifaransa vizuri, na kiwango cha alama huwa chini kwa mbali: Machi 2025 ilitosha alama 379, wakati mialiko ya wenye uzoefu wa kazi wa Kanada mwaka huohuo ilikuwa juu ya 500. Kwa huyo, HEC Montréal, ambayo ina shahada ya biashara kwa lugha tatu, inastahili kutazamwa kwa makini. Ajue tu kwamba mialiko hiyo ni ya anayekusudia kuishi nje ya Quebec, kwa kuwa jimbo hilo huchagua wahamiaji wake lenyewe na hata kibali cha kusomea huanza na cheti chake. Baada ya Montreal huenda akalazimika kuhamia Toronto au Ottawa.

Ghuba ni rahisi kueleza. Dubai na Abu Dhabi, viza hufuata ajira, na mwajiri hushughulikia karatasi bila kujali umesoma wapi. Ila nafasi nyingi huenda kwa watu waliokwisha kufanya kazi miaka kadhaa London, New York au Toronto. Si mahali pa kuanzia.

Kabla ya kulipa ada ya maombi hata ya chuo kimoja, tafuta kwenye mitandao ya kitaaluma watu watano waliohitimu kozi unayoitaka, waliotoka Afrika kwa pasipoti zao za Kiafrika, na ambao sasa wako kwenye mji unaoulenga. Ukiwakosa kabisa, umeshapata jibu la namna yake. Ukiwapata, waandikie kwa adabu, ujitambulishe kwa sentensi mbili, na usiwaulize kama chuo ni kizuri, kwa sababu watasema ni kizuri. Waulize siku yao ya kwanza kazini walikuwa na hati gani mkononi, nani aliilipia, na iliisha lini.